MEGA65, MiSTer au Raspberry Pi: njia ipi ikufae kufufua kompyuta iliyoachwa njiani?

Kati ya mwaka 1985 na 1991 zilibuniwa kompyuta za nyumbani zilizowatangulia mbali washindani waliokuja kuzizima sokoni. Amiga iliendesha programu kadhaa kwa mpigo, ikiwa na rangi 4,096 na sauti ya stereo, wakati kompyuta nyingi za ofisini zilikuwa na maandishi ya kijani na spika inayolia "piii". Archimedes ya Acorn ilibeba prosesa ambayo vizazi vyake vimo ndani ya simu uliyoshika sasa hivi. Commodore 65 haikufika hata dukani. Zote tatu ziliachwa, na ubovu haukuwa sababu.

Leo zote zinaweza kurudi mezani kwa vifaa vipya. Wanaoanza huuliza, "FPGA au emuleta?", na hapo ubishi hauishi. Mimi naona swali hilo linapaswa kuja baadaye. La kwanza ni hili: ubora wa mashine unayoitamani ulikaa wapi? Kwenye umbo lake zima, kwenye chipu zake, au kwenye mfumo endeshi wake? Mashine hizi tatu zinatoa majibu matatu tofauti, na kila jibu lina kifaa chake: MEGA65 kwa Commodore 65, MiSTer kwa Amiga, na Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, kwa Archimedes.

Kwanza tuelewane kuhusu emuleta na FPGA

Emuleta ni programu. Prosesa ya kompyuta yako ya leo husoma maelekezo yaliyoandikiwa prosesa ya zamani, huyafasiri, kisha huigiza kazi ya kila chipu kwa zamu. FPGA ni chipu ambayo saketi zake za ndani hazikufungwa kiwandani. Ukiiwasha, faili maalumu, yaani kiini cha mashine husika, huipanga iwe saketi za mashine hiyo. Emuleta ni mtu mmoja anayepiga fidla, kanuni na dumbaki kwa kurukia huku na kule upesi hata sikio lisitambue. FPGA ni kundi zima la taarabu, kila mpigaji na chombo chake, wote kwa wakati mmoja.

Lakini FPGA haina muujiza. Kiini kimeandikwa na binadamu aliyepima chipu za kale na kusoma nyaraka zake, na palipomponyoka pana kosa. Kwa upande wa pili, WinUAE, emuleta ya Amiga ya Windows, imenolewa kwa miaka mingi hadi inaifuata Amiga 500 mzunguko kwa mzunguko wa saa yake. Kwa usahihi peke yake, pengo limekuwa dogo. Tofauti unayoihisi vidoleni ni ucheleweshaji. Kwenye emuleta, kubonyeza kitufe kunapitia mfumo endeshi, kisha picha inasubiri foleni yake na sauti inasubiri ya kwake. Kwenye FPGA iliyotengenezwa vizuri foleni hizo ni fupi sana, au hazipo. Mtu anayecheza gemu za kuruka na kukwepa ataijua tofauti mapema. Anayeandika barua kwenye programu ya mwaka 1990 hataiona kamwe.

Commodore 65: hapa unanunua mashine nzima

Kampuni ya Commodore ilianza kuibuni 65 mwishoni mwa miaka ya 1980, ikakusudiwa kuirithi Commodore 64. Prosesa yake ilikwenda kwa megahezi 3.54, ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128, chipu ya picha ya VIC-III yenye rangi 256 kutoka 4,096, chipu mbili za sauti za SID badala ya moja, na kiendeshi cha disketi za inchi 3.5 ndani ya kasha lilelile la kibodi. Mwaka 1991 mradi ulifutwa. Amiga 500 ilikuwa tayari inauzwa kwa bei inayokaribiana, na kampuni isingenufaika kwa kushindana na yenyewe. Commodore ilipofilisika Aprili 1994, mashine za majaribio zilizokuwa stoo ziliuzwa pamoja na mali nyingine. Hizo ndizo zilizopo duniani, na kwenye minada zimefikia makumi ya maelfu ya euro.

Kwa hiyo kuipata yenyewe ni jambo la matajiri wachache. MEGA65 ndiyo jibu kwa wengine wote. Mradi ulianzishwa na Paul Gardner-Stephen, wakati huo mwalimu wa Chuo Kikuu cha Flinders huko Australia, akishirikiana na kikundi cha Ujerumani kinachohifadhi michezo na sanaa za kielektroniki. Ndani yake kuna FPGA ya aina ya Artix-7. Nje kuna kibodi ya kweli yenye vitufe vya kubonyea vizuri, kasha lililochongwa kwa kufuata Commodore 65, kiendeshi cha disketi kinachozunguka kweli, nafasi ya katriji, tundu la mtandao na tundu la kadi ya SD. Unapata pia kitabu cha mwongozo kilichochapishwa. Inaweza kwenda kwa mwendo wa asili, au ukaiachia hadi megahezi 40.5.

Wapo wanaolalamika kwamba mashine yenye mwendo huo si Commodore 65 tena. Sikubaliani nao. Ya asili haikukamilika, programu yake ya ndani ilikuwa na mapengo, na hakuna mtumiaji wa kawaida aliyewahi kuizoea. Walioitengeneza MEGA65 walilazimika kuimalizia, na wameimalizia kwa heshima: lugha yake ya kuandikia programu, Beziki, imepanuliwa, na saketi zote zimewekwa wazi ili mtu yeyote azisome.

Je, ununue? Kama furaha yako ni kukaa mbele ya kitu kizima, kukiwasha na kukuta kiko tayari kupokea amri ya Beziki, ndiyo. Hakuna kingine kinachotoa hisia hiyo kwa ukamilifu huu. Kama unachotaka ni kuona tu ilikuwaje, Xemu, emuleta ya bure, itakutosheleza kwenye kompyuta uliyo nayo. Programu zilizoandikwa kwa ajili ya Commodore 65 zilikuwa chache mno. Nyingi utakazotumia ni za wapenzi wa leo, au gemu za Commodore 64 zinazoendeshwa kwa kiini cha pili. Mtu ambaye hapendi kuandika programu mwenyewe ataizoea upesi na kuiacha. Na bei si ndogo: ilipofunguliwa kwa oda mwaka 2021 ilikuwa euro 666.66, kabla ya usafirishaji na ushuru wa bandarini kwetu.

Amiga: ubora wake ulikuwa kwenye chipu

Amiga ya kwanza ilizinduliwa New York tarehe 23 Julai 1985, na msanii Andy Warhol akachora jukwaani kwa kuitumia, akimchora mwimbaji Debbie Harry. Watu walikumbuka onyesho, lakini kazi kubwa ilikuwa ndani, kwenye chipu tatu zilizobuniwa na Jay Miner na wenzake. Agnus iligawa zamu za kuifikia kumbukumbu. Denise ilitoa picha. Paula ilitoa chaneli nne za sauti na kushughulikia disketi. Ndani ya Agnus mlikuwa na Blitter, ya kuhamisha vipande vya picha bila kuisumbua prosesa, na Copper, ambayo ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Copper ilijua amri tatu tu: weka, subiri, ruka. Ilisubiri mwale wa televisheni ufike mstari fulani wa skrini, kisha ikabadilisha rangi hapohapo. Ule wekundu wa machweo unaofifia taratibu kuelekea juu kwenye gemu nyingi za Amiga ni kazi ya Copper, na prosesa haikugharimika karibu chochote.

Vyote hivi viliendeshwa na saa moja. Kwenye mashine za Ulaya, mapigo ya fuwele ya kwatzi ya megahezi 28.375 yaligawanywa kwa nne, ikapatikana megahezi 7.09 ya prosesa ya Motorola 68000. Watunzi wa gemu walijua zamu ya kila chipu na wakaandika kwa kuzitegemea. Ukiigiza mashine kama hii kwa makadirio, picha inararuka na muziki unayumba. Ndiyo maana Amiga ndiyo mashine ambayo FPGA inaitendea haki kuliko zote.

Aliyethibitisha hilo ni mhandisi Mholanzi, Dennis van Weeren. Kiini chake, Minimig, alikitoa mwaka 2007 chini ya leseni huria, na wengine wakakiendeleza. Leo kimo ndani ya MiSTer, mradi ulioanzishwa mwaka 2017 na Alexey Melnikov juu ya bodi ya FPGA iitwayo DE10-Nano, na kinaigiza pia chipu za AGA za Amiga 1200 ya mwaka 1992.

MiSTer inahitaji uvumilivu kidogo. DE10-Nano ni bodi ya kujifunzia uhandisi, haikutengenezwa kwa ajili ya sebule. Utaongeza kadi ya kumbukumbu ya SDRAM, habu ya USB, kibodi, kipanya na kasha, kisha upakue viini kwenye kadi ya SD. Bodi hiyo imepanda bei hadi zaidi ya dola 200 peke yake. Mwaka 2024 zilitoka bodi za kuiga zilizoanzia dola 99, na hizo zimewafungulia mlango watu wengi. Usisahau faili za Kickstart, yaani programu ya ndani ya Amiga, ambazo bado zina wenyewe. Zinauzwa kihalali ndani ya kifurushi cha Amiga Forever.

Washindani wa MiSTer kwenye Amiga ni watatu.

A500 Mini, iliyotoka mwaka 2022, ni emuleta ndani ya kasha dogo, na imekuja na gemu 25. Unaichomeka kwenye TV na kucheza. Kibodi yake ni pambo, vitufe havibonyei. Kwa mzazi anayetaka kuwaonyesha watoto alichokuwa akicheza, inatosha. Kwa anayetaka kuielewa Amiga, haitoshi.

PiStorm ni bodi ndogo inayochukua nafasi ya prosesa ndani ya Amiga halisi, ikikalishwa Raspberry Pi juu yake. Kasi inayopatikana ni ya ajabu kwa bei yake, na chipu za picha na sauti zinabaki zilezile za asili. Ila ni ya mwenye Amiga nzima. Kabla ya kuagiza fungua kasha: Amiga 500 Plus, 2000 na 4000 zina betri ya kuchaji inayovuja na kula njia za shaba kwenye bodi, na Amiga 600 na 1200 zina kapasita ndogo zinazovuja vilevile. Kumwongezea kasi mgonjwa wa namna hiyo ni kupoteza pesa.

Vampire V4 Standalone inakwenda mbali zaidi. Ina prosesa mpya ya 68080 iliyobuniwa na wapenzi wenyewe, kumbukumbu ya megabaiti 512 na picha za kisasa. Inajibu swali la Amiga ingekuwaje kama Commodore isingekufa. Ni swali zuri, lakini ni lingine. Ukitaka mashine ya 1985 au ya 1992 kama ilivyokuwa, baki na MiSTer.

Jambo moja linalosahaulika katika ulinganisho mwingi: picha 50 kwa sekunde. Gemu nyingi za Amiga zilitungwa Ulaya kwa ajili ya televisheni za PAL, zinazoonyesha picha 50. Skrini nyingi za kompyuta mpakato zimekazwa kwenye 60, kwa hiyo emuleta nzuri kabisa bado itakupa mandhari inayosogea kwa kigugumizi, na utailaumu emuleta bure. MiSTer hutoa 50 halisi kwa HDMI, mradi skrini yako iikubali. TV nyingi bapa za kwetu huikubali, monita nyingi za ofisini hukataa. Kenya na Tanzania zilitumia PAL pia. TV ya chogo iliyowekwa stoo inaongea lugha ileile ya Amiga ya Ulaya, na MiSTer ina njia ya kutoa picha ya analogi kwa ajili yake. Ukiwa nayo na bado inawaka, usiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Archimedes: ubora wake ulihamia kwenye programu

Acorn wa Cambridge, Uingereza, walitafuta prosesa ya kuwavusha mbele, wakakosa iliyowaridhisha, wakaamua kuunda yao. Sophie Wilson alibuni seti ya amri, Steve Furber akabuni chipu, na tarehe 26 Aprili 1985 ARM ya kwanza ikafanya kazi. Ilikuwa na transista takriban 25,000, ilhali Motorola 68000 ilikuwa na takriban 68,000. Juni 1987 ikaja Archimedes, yenye ARM2 ya megahezi 8, na kwa kukokotoa iliziacha mbali Amiga na kompyuta za IBM za bei yake.

Hapa mambo yanageuka. Chipu yake haikuachwa. Kampuni ya ARM iliundwa mwaka 1990 na Acorn, Apple na VLSI, na ukoo huo leo umo kwenye karibu kila simu janja inayotumika Afrika Mashariki. Kilichoachwa ni RISC OS, mfumo endeshi wake, pale Acorn walipojitoa kwenye biashara ya kompyuta za mezani Septemba 1998 na kuitupa mashine waliyokuwa wakiiandaa, Phoebe.

RISC OS ni mfumo wa watu waliofikiri upya. Kuhifadhi kazi hakuna dirisha la kutafuta folda. Unaikokota alama ya faili hadi kwenye folda unayoitaka na kuiachia hapo, au unaiachia ndani ya programu nyingine nayo inaipokea moja kwa moja. Kipanya kina vitufe vitatu, na cha kati hufungua menyu palepale mkono ulipo, hivyo hakuna safari za kwenda juu ya skrini. Programu ni folda tu: ukitaka kuisakinisha unaiweka popote, ukitaka kuiondoa unaifuta. Herufi zilionyeshwa kwa kingo laini kwenye skrini tayari kwenye RISC OS 2 ya mwaka 1989. Na ndani mna BBC Basic yenye nafasi ya kuandika maelekezo ya prosesa katikati ya programu, kitu ambacho kwa mwanafunzi anayetaka kujua kompyuta inafikirije sijaona mbadala wake.

Na kwa kuwa Raspberry Pi ina prosesa ya ARM, RISC OS huendeshwa juu yake moja kwa moja, pasipo emuleta wala FPGA. Tangu Oktoba 2018 mfumo huu una leseni huria ya Apache. Unaupakua bure, unaandika kadi ya SD, unawasha, na baada ya sekunde chache uko kwenye eneo-kazi. Toleo la 5.30 la Aprili 2024 lilileta hata Wi-Fi. Kati ya njia zote za makala hii hii ndiyo rahisi kuliko zote kwa mfuko, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kujaribiwa kwanza na mwalimu au kilabu cha shule.

Kuna mipaka miwili ya kuijua. Wa kwanza ni gemu na programu za zamani. Kwenye ARM za mwanzo, anwani ya amri inayofuata na alama za hali ya prosesa vilikaa ndani ya rejista moja (chumba kidogo cha kumbukumbu ndani ya prosesa) ya biti 32, na anwani ikabakiwa na upana wa biti 26. ARM za baadaye ziliachana na mpangilio huo, hivyo programu nyingi za 1987 hadi 2002 haziendi moja kwa moja kwenye Pi. Kwa gemu kuna programu ya ADFFS, inayozisaidia nyingi. Ukitaka Archimedes ya 1987 kama ilivyokuwa, na gemu kama Zarch ya David Braben, tumia kiini cha Archimedes kilichomo kwenye MiSTer, au emuleta ya Arculator kwenye kompyuta ya kawaida.

Wa pili unaumiza mfuko. Prosesa ya Raspberry Pi 5 imeacha namna ya zamani ya biti 32 katika ngazi ambayo mfumo endeshi unaihitaji, kwa hiyo RISC OS haiendeshwi juu yake moja kwa moja. Pi 500, ile yenye umbo la kibodi, ni Pi 5 kwa ndani. Pi 400 inafanana nayo sana kwa nje, na hiyo inafaa kabisa. Dukani soma namba kwenye boksi, usiridhike na neno la muuzaji kwamba "ni ileile, mpya zaidi". Chukua Pi 400, Pi 4 au Pi 3, na kipanya ambacho gurudumu lake linabonyea vizuri, maana ndilo litakalokuwa kitufe chako cha menyu.

Umeme, kadi na forodha

Umeme ukikatika wakati kadi ya SD inaandikwa, faili zinaweza kuharibika kwenye vifaa vyote vitatu. Weka nakala ya kadi nzima kwenye diski nyingine tangu siku ya kwanza. Pi 400 inatumia volti 5 kwa USB-C, kwa hiyo pawabenki yenye uwezo wa ampia 3 itaibeba umeme ukienda, ingawa skrini itahitaji chanzo chake.

Pi utaipata kwenye maduka ya elektroniki Nairobi na Dar es Salaam. MiSTer na MEGA65 utaagiza nje, kwa hiyo jumlisha nauli, ushuru na VAT kabla ya kulinganisha bei. MEGA65 ni nzito na ina boksi kubwa, na nauli yake inauma kuliko ya bodi ndogo.

Kabla ya kulipa chochote, weka Xemu, WinUAE na Arculator kwenye kompyuta yako na uishi nazo wiki kadhaa. Ukijikuta unarudi kwenye Xemu kuandika Beziki usiku, weka akiba ya MEGA65. Ukijikuta unakerwa na picha inayosogea kwa kigugumizi na kitufe kinachochelewa kwenye WinUAE, MiSTer imetengenezwa kwa ajili yako. Na ukijikuta unatamani kukokota faili kwa mtindo wa RISC OS hata ukiwa kwenye Windows, pesa ya Pi 400 inatosha.